Kutoka Shambani hadi Darasani: Safari ya Jaribio la Kitafiti na Nafasi ya Lugha Ndani Yake

Utangulizi

Ni mazoea katika vyuo vikuu kuzigawa taaluma kana kwamba kila moja ina boma lake. Sayansi asilia huachiwa wenye maabara, uchumi huachiwa wenye takwimu, na usimamizi wa wafanyakazi huachiwa idara za biashara. Lugha nayo husukumwa kando, ikidhaniwa haina la kusema panapozungumziwa vipimo. Makala haya yanautilia shaka mgawanyo huo kwa kufuatilia mbinu moja ya utafiti, yaani jaribio ambalo makundi yake hugawanywa kinasibu. Mbinu hii ilikomaa katika mashamba ya Uingereza, ikatumiwa kuchunguza kazi za ofisini, na ikafika katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba kila mbinu hii inapomhusu binadamu, hukumbana na jambo ambalo ngano haina, nalo ni uelewa. Uelewa huo hupitia katika lugha.

Chimbuko Shambani

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini mwa London, kilianza kujaribu mbolea mbalimbali kwenye ngano mwaka 1843. Mwaka 1919 kilimwajiri mwanatakwimu Ronald Fisher ili achambue data zilizokuwa zimerundikana kwa miongo mingi. Tatizo lililomkabili linaeleweka na mkulima yeyote: hakuna vipande viwili vya shamba vinavyofanana. Kimoja hutuamisha maji, kingine kina rutuba zaidi. Mtafiti akiiweka mbolea mpya katika kipande anachokipenda na mavuno yakazidi, hatajua iwapo sababu ni mbolea au udongo.

Fisher alipendekeza vipande vigawanywe kwa bahati nasibu, na mwaka 1935 akaifafanua kanuni hiyo katika kitabu chake kuhusu upangaji wa majaribio. Bahati nasibu haina upendeleo. Vipande vikiwa vingi vya kutosha, tofauti za udongo husambaa pande zote mbili, na mtafiti anaweza kukadiria iwapo tofauti ya mavuno ni kubwa kuliko ile inayoweza kuletwa na bahati tu. Vipande vilivyopata mbolea huwa kundi la jaribio, na visivyopata huwa kundi linganishi. Pasipo kundi linganishi, mtafiti hubaki na hadithi tu.

Mahali pa Kazi: Binadamu Si Ngano

Ubaya wa kukosa ulinganisho madhubuti ulidhihirika katika kiwanda cha Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago nchini Marekani. Kati ya 1924 na 1927, watafiti walibadilisha mwangaza wa taa ili wapime athari yake kwa uzalishaji. Kuanzia 1927 hadi 1932, kikundi kidogo cha wanawake waliounganisha vifaa vya simu kiliwekwa katika chumba cha peke yake, muda wao wa kazi na wa mapumziko ukabadilishwa mara kwa mara, na uzalishaji ukapanda. Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard alieneza ufafanuzi kwamba uhusiano wa kijamii kazini ulikuwa na uzito kuliko taa au saa. Kutokana na majaribio hayo likazuka jina "athari ya Hawthorne", yaani tabia ya mtu kubadilika kwa sababu anajua kwamba anachunguzwa.

Hata hivyo, wanawake wawili kati ya watano wa mwanzo waliondolewa mwaka 1928 na nafasi zao zikachukuliwa na wengine, na chumba hicho hakikuwa na kundi linganishi la kutosha. Mwaka 2011 wanauchumi Steven Levitt na John List walichapisha uchambuzi mpya wa data za taa, wakabaini kwamba madai mengi yaliyosimuliwa vitabuni yalikuwa yametiwa chumvi.

Miongo kadhaa baadaye, kampuni ya usafiri ya Ctrip nchini China ilifanya jaribio lililopangwa kwa uangalifu zaidi. Kuanzia Desemba 2010, wafanyakazi 249 wa kituo chake cha simu, waliokuwa wamejitolea, waligawanywa kwa tarehe za kuzaliwa: wenye tarehe shufwa walifanyia kazi nyumbani kwa miezi tisa na wenye tarehe witiri wakabaki ofisini. Utendaji wa waliokuwa nyumbani ulipanda kwa asilimia 13. Jaribio lilipokwisha na watu wakaruhusiwa kuchagua, takribani nusu ya waliokuwa nyumbani walirudi ofisini, na wengi wao walilalamikia upweke. Ufanisi ulipimwa kwa tarakimu, lakini upweke ulijulikana kwa sababu watu waliulizwa na wakajibu.

Darasani Busia

Nchini Kenya, mbinu hii ilipata umaarufu kupitia utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer katika iliyokuwa Wilaya ya Busia. Kuanzia 1998, shule 75 za msingi zenye wanafunzi zaidi ya 30,000 ziligawanywa katika makundi matatu yaliyopewa dawa za minyoo kwa zamu: 1998, 1999 na 2001. Katika kila eneo, shule ziliorodheshwa kialfabeti, kisha kila shule ya tatu ikatiwa katika kundi moja. Mahudhurio yalihesabiwa kwa ziara zisizotangazwa ili shule isipate nafasi ya kujiandaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba utoro ulipungua kwa robo, na kwamba hata wanafunzi wasiomeza dawa walinufaika kwa kuwa maambukizi yalipungua.

Mwaka 2015 wataalamu wa afya walizichambua upya data hizo, wakapata makosa ya hesabu na kuzua mjadala mkali. Mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mwaka 2021 ufuatiliaji wa waliokuwa wanafunzi hao ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa muda mrefu zaidi walikuwa na matumizi ya fedha yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 14.

Lugha Ndani ya Matokeo

Utafiti unaopaswa kuwagusa zaidi wanaisimu ni mwingine, uliofanywa katika eneo hilohilo. Paul Glewwe, Kremer na Sylvie Moulin walichunguza shule 100, na mwaka 1996 shule 25 kati ya hizo, zilizoteuliwa kinasibu, zikapewa vitabu vya kiada. Ilitarajiwa kwamba alama zingepanda kwa jumla. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Watafiti wenyewe walitaja sababu: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto hao Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Wengi walikuwa na vitabu mikononi wasivyoweza kuvisoma kwa manufaa.

Kwa hiyo, jaribio la wanauchumi lilifikia jambo ambalo walimu wa lugha wamelisema kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba safari hii lilisemwa kwa tarakimu, na watunga sera huzisikiliza tarakimu.

Suala la lugha hujitokeza pia kabla ya data kukusanywa. Katika utafiti wa minyoo, idhini ya mwaka 1998 ilitolewa na jamii kwa pamoja, lakini kuanzia 1999 kila mzazi alihitajika kutoa idhini yake. Idhini ina maana pale tu anayeitoa anapoelewa anachoombwa. Chukua neno "kura": katika Kiswahili humaanisha njia ya kuteua kwa bahati, na pia humaanisha sauti ya mpigaji kura katika uchaguzi. Mzazi akiambiwa kwamba shule yake "imepigiwa kura" anaweza kudhani kuna waliokaa na kuamua. "Uteuzi wa kinasibu" nalo ni jina sahihi la kitaalamu, lakini si rahisi kueleweka barazani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hojaji iliyotafsiriwa na mtu asiyewajua wasemaji huibua majibu ya swali ambalo mtafiti hakuliuliza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba shamba, ofisi na darasa vinaweza kuchunguzwa kwa mantiki moja, na kwamba mantiki hiyo humhitaji mtaalamu wa lugha pindi mtafitiwa anapokuwa binadamu. Mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi mahususi katika utafiti wa aina hii. Anaweza kutafsiri hojaji na kuikagua kwa tafsiri rejeshi, kuyajaribu maswali kwa wasemaji kabla ya utafiti kuanza, kupendekeza istilahi zinazoeleweka na walengwa, na kuyarejesha matokeo kwa jamii iliyotoa data. Wazazi na watoto wa Busia walichangia maarifa yaliyosomwa kote duniani. Ni haki yao kuyasoma maarifa hayo kwa lugha wanayoielewa, na kazi hiyo haitafanywa na idara ya uchumi peke yake.