Chubwi, Tapwi, Tifu: Kwa Nini Maneno Mengine Yanatuchekesha

Hebu tuanze na mchezo mdogo. Usishike simu kutafuta majibu, na usimwulize mtu. Kuna maneno matatu: chubwi, tapwi, tifu. Yote ni ya kuanguka. Moja ni la kuanguka majini, moja matopeni, moja mchangani. Lipi ni lipi?

Kama umesema chubwi ni majini, tapwi ni matopeni na tifu ni mchangani, umepata yote, hata kama hukuwahi kuyasikia. Na kama uliyatamka kwa sauti, basi labda ulitabasamu. Kuna watu wanacheka kabisa. Leo tunazungumzia hicho kicheko: kinatoka wapi, kinamhusu nani, na kwa nini sisi tuliokulia Muaither tunafaa kukielewa kabla ya kukiogopa.

Maana kicheko tunakijua kutoka pande zote mbili. Hapa Doha, sema "mbu" au "ng'ombe" mbele ya rafiki Mwarabu. Anacheka, anakuomba urudie, halafu anamwita mwenzake aje asikie. Ukienda likizo Mombasa au Tanga, binamu zako nao wanacheka, kwa sababu "habari" yako imetoka na kh ya Kiarabu kutoka kooni. "Hebu sema tena!" Unasema tena, wanacheka tena. Si kwa ubaya, lakini ukirudi Doha umeshaamua: mwakani nitanyamaza. Na wengi wetu tumenyamaza jii.

Kwa hiyo swali la kwa nini neno linachekesha si swali la mchezo tu. Kwa baadhi yetu ndilo lililoamua kama lugha itabaki mdomoni au la.

Kicheko kinapima sikio

Chris Westbury ni mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada. Katika utafiti wake kuhusu matatizo ya lugha, watu walionyeshwa maneno halisi na maneno ya kubuni, wakatakiwa kusema lipi ni neno na lipi si neno. Akagundua kwamba baadhi ya yale ya kubuni yanawachekesha watu kila yanapotokea. Moja lilikuwa "snunkoople". Halina maana yoyote, lakini watu walicheka.

Mwaka 2016 yeye na wenzake walichapisha maelezo. Kadiri mpangilio wa herufi ulivyokuwa adimu katika Kiingereza, ndivyo wasomaji walivyoona neno linachekesha zaidi. Sikio lina hesabu zake. Limesikia maneno maelfu kwa maelfu, linajua nini huja baada ya nini. Likikutana na kitu lisichokitarajia, na kitu chenyewe hakina hatari, linacheka.

Sasa rudi kwa "mbu". Kiarabu hakina desturi ya kuanza neno na mb, nd au ng'. Kiingereza nacho vilevile. Kwa hiyo mbu, ndizi, mbwa na ng'ombe zinapoingia kwenye sikio la rafiki yako, hesabu zake zinavurugika. Kule Tanga hakuna anayecheka akisikia "ng'ombe". Ni mnyama tu, ana maziwa, basi. Neno ni lilelile, masikio ndiyo tofauti.

Hata sisi kwa sisi tunachekana. Mkenya anamwita mama wa mama yake "nyanya", na Mtanzania mezani anaona saladi. Mzanzibari naye anashangaa, kwani kwake ile ya saladi ni tungule. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja anasikia kutoka nyumbani kwake.

Mlango ulio wazi mwishoni

Kuna jambo jingine ambalo marafiki zetu wa Kiarabu hulisikia bila kujua wanasikia nini. Nusu ya maneno yanayowachekesha ni yao wenyewe! Bahr ikivuka kuja kwetu ikawa bahari. Waqt ikawa wakati. Fikr ikawa fikira, 'aql ikawa akili, 'ilm ikawa elimu. Kiswahili hupenda silabi iishe na irabu, na konsonanti mbili zikibanana, mara nyingi tunatia irabu katikati ili zipumue. Kwa Mwarabu ni kama kusikia jina la ndugu yake likiimbwa. Analitambua, lakini limevaa nguo nyingine.

Wazee wetu bado wanafanya hivyo kila siku. Sikiliza jinsi baadhi yao wanavyotaja mtaa huu: Muaitheri. Mlango umefunguliwa mwishoni, neno limekaribishwa ndani. Sisi tuliosoma hapa tunaona aibu kidogo, tunataka kuwasahihisha. Lakini hiyo ni kanuni ileile iliyotengeneza "wakati" na "bahari" karne nyingi kabla hatujazaliwa. Wazee hawajashindwa kutamka. Wanatamka Kiswahili.

Na Kiarabu cha hapa hakikosi vituko vyake. Katika Kiarabu cha Ghuba, kalb, yaani mbwa, mara nyingi husikika chalb. Mwarabu wa nchi nyingine akifika Doha huweza kucheka pia. Kwa hiyo rafiki anayekucheka wewe kwa "mbu", kuna sehemu naye anachekwa.

Kinachopendeza ni kilichozoeleka

Vipi upande wa pili, maneno yanayopendeza? Tumelelewa tukiambiwa kuna lugha tamu na lugha ngumu. Kifaransa kitamu, Kijerumani kigumu, Kiswahili "kama wimbo". Je, ni kweli?

Mwaka 2023 watafiti Andrey Anikin, Nikolay Aseyev na Niklas Erben Johansson walichapisha matokeo ya jaribio kubwa. Watu 820 walisikilizishwa lugha 228 na kuulizwa wamependezwa kiasi gani. Miongoni mwa wasikilizaji walikuwemo wazungumzaji wa Kiingereza, wa Kichina na wa Kiarabu. Tofauti kati ya lugha na lugha zilikuwa ndogo mno. Kilichopandisha alama waziwazi ni pale msikilizaji alipodhani lugha hiyo anaijua. Mazoea ndiyo sukari.

Hebu ichukue hiyo nyumbani. Kama neno la bibi linakuchekesha, pengine ni kwa sababu hujalisikia vya kutosha. Sikio lako limesimama mlangoni, halijaingia sebuleni. Hiyo si dhambi wala si ujinga. Ni kipimo cha umbali, na umbali unaweza kupungua. Neno lililokuchekesha mara ya kwanza, mara ya ishirini linaanza kukupendeza, na mara ya mia unalitumia bila kujua. Hata "wayed" ya hapa, si ndivyo ilivyoingia kwetu?

Lakini si mazoea peke yake

Turudi kwenye chubwi, tapwi, tifu. Hukuwa umeyazoea, lakini huenda ulipata. Hilo nalo lina maelezo.

Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliandika kuhusu michoro miwili, mmoja wa pembe kali, mwingine wa mviringo. Ukiwapa watu majina mawili, takete na baluba, wengi huona takete ndiyo yenye pembe. Mwaka 2001 V. S. Ramachandran na Edward Hubbard walilirudia kwa majina kiki na bouba. Mwaka 2022 likachapishwa jaribio kwa wazungumzaji wa lugha 25, ikiwemo isiZulu, ndugu wa Kiswahili katika familia ya Kibantu. Kwa jumla, asilimia 72 ya majibu yalifuata mkondo uleule: kiki ni kali, bouba ni laini.

Si kanuni ya kila neno. Wanasema sauti i hufanana na udogo, na kweli sisimizi inasikika ndogo kama mdudu mwenyewe. Lakini neno letu la udogo ni "dogo", lenye o mbili za mviringo. Lugha haijali sheria zote. Ila inapotaka kuchora kwa sauti, inajua kuchora.

Na Kiswahili kinapenda kuchora. Walimu huyaita maneno haya tanakali za sauti. Lugha za Kibantu zinayo mengi kiasi kwamba mwanaisimu Clement Doke, katika kitabu chake cha istilahi za Kibantu cha 1935, aliyapa kundi lake la pekee, sawa na nomino au kitenzi. Mtu halali tu, hulala fofofo. Giza si giza tu, ni totoro. Nguo nyeupe ni nyeupe pe, nyeusi ni nyeusi tititi. Umenyeshewa mvua? Umelowa chepechepe. Umejifunika blanketi mpaka kichwani kwa sababu ya baridi ya eisii? Umejifunika gubigubi. Na chumba kikijaa wageni siku ya Idi, kimejaa pomoni.

Kisha yapo yanayofanya kile yanachokisema. Kwikwi ukiitamka ni kama unayo. Kigugumizi kinakufanya uwe nacho. Kizunguzungu kinazunguka. Kipepeo kinapepea, pe-pe, kwa mabawa mawili. Pikipiki inawaka kabla hujaipanda. Na kiwanda hiki hakijafungwa. Neno la Kiingereza la mpaka, lililotumika kwa waendesha baiskeli waliobeba abiria mpakani kati ya Kenya na Uganda, liliingia mdomoni mwa watu likatoka mara mbili: bodaboda. Dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano Tanzania, likatupa daladala.

Ukitaka kujua kama ni sisi tu, simama jioni kwenye foleni ya karaki hapa mtaani. Mfilipino atataja halo-halo. Mpakistani ataagiza chai-vai. Mwarabu atamwambia dereva shwai shwai. Wewe utasema polepole. Mtaa mzima unasema maneno mara mbili, na hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Kinachopotea kwanza

Sasa sehemu isiyochekesha. Mwaka 1996 mwanaisimu G. Tucker Childs alichapisha makala kuhusu isiZulu, akiuliza maneno ya aina hii yamekwenda wapi. Alichoona ni kwamba kadiri watu walivyokuwa wa mjini zaidi, ndivyo walivyoyajua kwa uchache. Lugha ilikuwepo na watu waliendelea kuizungumza, lakini rangi zilikuwa zinafutika.

Jipime mwenyewe. Kiswahili tulichokipata wengi wetu huku ni cha amri na mahitaji. Njoo. Kula. Oga. Zima taa. Umemaliza hesabu? Ni Kiswahili kizuri, kimetulea. Lakini tanakali hazifundishwi kwa amri. Zinakuja mtu anaposimulia: jinsi mjomba alivyoteleza, jinsi mbuzi alivyokimbia, jinsi mvua ya masika ilivyowakuta njiani. Zinahitaji muda, mikono, uso, na msikilizaji ambaye haangalii simu. Nyumba ambayo kila mtu ametoka kazini saa moja usiku na kesho ni kazi tena, hadithi hupungua, na chubwi inaondoka nazo.

Ndiyo maana tunasema msiyaone maneno haya kuwa ya kitoto. Ukimsikia mtu anasema "akaanguka tapwi", unajua yupo ndani ya lugha, anaonja anachokisema. Sarufi unaweza kuipata kwenye programu ya simu. Tapwi unaipata kwa mtu.

Habari njema ni kwamba hakuna maneno rahisi kukamata kama haya. Mwaka 2016 Gwilym Lockwood, Mark Dingemanse na Peter Hagoort walichapisha jaribio la Waholanzi wasiojua Kijapani. Walifundishwa tanakali za Kijapani, baadhi kwa maana zake halisi, baadhi kwa maana za kinyume. Zile zenye maana halisi walizikumbuka vizuri zaidi. Sauti yenyewe iliwasaidia. Kwa hiyo kama unaogopa kwamba umechelewa, anzia hapa. Sikio lako tayari linajua nusu ya kazi, na ulithibitisha mwenyewe pale juu.

Wiki hii fanya jambo moja. Mpigie shangazi, au kaa na baba baada ya chakula, na usimwombe akufundishe Kiswahili. Ukimwambia hivyo atakaa kama mwalimu na wote mtaboreka. Mwambie akusimulie siku aliyoanguka vibaya kuliko zote maishani. Kisha sikiliza: alianguka pu, chubwi, tapwi, au tifu? Cheka naye unavyotaka. Halafu simulizi hiyo mpelekee mtu mwingine, na neno lile liwemo.