Kisanduku cha Hewa katika Pikipiki ya Theluji

Wasomaji wetu wengi hawajapata kuiona pikipiki ya theluji, wala hawana haja nayo. Lakini kanuni inayoiendesha, na inayoweza kuiua, ni ile ile iliyomo katika kila injini yenye kabureta. Chombo hiki hakina magurudumu. Mbele kina mbao mbili za kutelezea zinazogeuzwa kwa usukani, na nyuma kina mkanda mpana wa mpira unaoisukuma theluji. Aliyekieneza ni Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt katika jimbo la Quebec, Kanada. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe mdogo alifariki kwa ugonjwa wa tumbo, kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Mwaka 1937 Bombardier alipata hati ya uvumbuzi wa mtambo wake wa mkanda, na mwaka 1959 kiwanda chake kikatoa pikipiki ndogo iliyoitwa Ski-Doo.

Ni dhahiri, basi, kwamba injini ya chombo hiki haina ruhusa ya kufa njiani. Mtu aliye mbali na makao, katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, injini ikimkwamia huwa hatarini kupoteza vidole, au maisha. Na miongoni mwa mambo yanayoweza kumfikisha hapo ni dogo mno: kisanduku cha plastiki kilichofunguliwa na fundi, kisha kikarudishwa vibaya au kisirudishwe kabisa.

Kisanduku hicho hukaa nyuma ya kabureta, na hewa yote inayoingia katika injini hupita ndani yake. Wengi hudhani kazi yake ni kuchuja vumbi. Lakini juu ya theluji vumbi ni haba, na visanduku vingi vya aina hii havina chujio la karatasi kama la motokaa. Kazi yake ni kupunguza kelele za uvutaji hewa, kuzuia chembe za theluji, na kuipatia kabureta hewa iliyotulia. Chembe za theluji zikiingia huweza kuyeyuka na kuganda tena kando ya kizibo kinachopandishwa na waya wa mafuta. Kizibo kikigandia juu, chombo hukimbia hata dereva akiachia mafuta.

Lakini kazi iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho. Kabureta hupima petroli kwa tofauti ya kanieneo. Hewa ipitapo kwa kasi katika koo lake jembamba, kanieneo hushuka. Hewa ya nje inayoibinya petroli bakulini huipandisha kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Kisanduku huiwekea hewa kizuizi kidogo, kwa hiyo kanieneo kooni hushuka zaidi kidogo na petroli huvutwa zaidi kidogo. Waliochagua ukubwa wa jeti kiwandani walikwisha kukihesabu kizuizi hicho. Ukikiondoa kisanduku, au ukiacha upenyo pembeni mwake, hewa huingia kwa wingi na petroli hupungua: mchanganyiko huwa mwepesi.

Katika injini ya mipigo miwili kosa hili ni zito. Petroli inayoingia husaidia kupoza pistoni, na katika mashine za zamani oili huchanganywa na petroli hiyo hiyo. Petroli ikipungua, na oili imepungua. Pistoni ya alumini hupata joto, hutanuka, hukwaruza silinda na kukwama, au hutoboka kichwani. Baridi nayo huzidisha jambo. Penye usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 15 ina uzito wa kilo 1.23 hivi, katika nyuzi 30 chini ya sifuri hufikia kilo 1.45, yaani ongezeko la asilimia 18 au zaidi. Petroli inayovutwa na kabureta huongezeka kwa nusu tu ya kiasi hicho. Injini iliyo salama siku ya joto, basi, huwa karibu na ukingo siku ya baridi kali.

Mbona fundi akifungue kisanduku? Kwa sababu injini nyingi kati ya hizi zina kabureta mbili, na vizibo vyake sharti vipande pamoja. Bila kuiona midomo ya kabureta hawezi kuvilinganisha. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Kurudisha ndiko kunakomtoa jasho: shingo mbili za mpira mgumu lazima ziingie mahali pake kwa pamoja, ndani ya nafasi isiyotosha mikono miwili.

Kwanza achungulie ndani ya kisanduku, maana panya hupenda kujenga viota humo wakati wa kiangazi. Kisha atoe vitambaa alivyozibia midomo ya kabureta, na avihesabu. Shingo zilizopasuka zibadilishwe. Zilizo nzima zipashwe kwa maji ya moto zilainike, zikaushwe, kisha zipakwe maji ya sabuni kidogo. Grisi isitumike, kwani mpira wa aina nyingi huvimba ukiguswa na mafuta ya petroli. Akilegeza klipu zinazozishika kabureta upande wa injini, kabureta zitainama kidogo na shingo zitaingia kwa urahisi; lakini klipu hizo zikisahauliwa, hewa itapenya bila kupimwa kabisa, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kukosa kisanduku. Jicho halitoshi hapa. Apitishe kidole kuizunguka kila shingo, kwa kuwa ukingo wa mpira hujikunja upande wa chini, usikoonekana.

Kabla ya kuwasha, avute mafuta na kuachia: vizibo viangukie chini kwa mlio mmoja. Mipira ya kupumulia ya mabakuli isibanwe na kisanduku. Injini ikiwaka na mzunguko wake ukabaki juu bila kushuka, iko hewa inayopenya mahali.

Wapo vijana wanaokitupa kisanduku kwa makusudi, wakifurahia mngurumo. Mngurumo si nguvu. Wanamashindano hukiondoa, ni kweli, lakini hubadilisha jeti pia, na njia yao ya mashindano haiwapeleki mbali na msaada. Aliyekirudisha aende mwendo mfupi, kisha afungue plagi. Rangi ya kahawia nyepesi ni njema. Nyeusi yenye unyevu yaonyesha petroli imezidi. Akiikuta nyeupe asiendelee na safari, bali arudi kwenye shingo za mpira kabla ya kugusa jeti.