Nondo Ndani ya Ufa: Kwa Nini Njia Hufungwa Zege Linapotengenezwa



Askari wetu wanaposimama kwenye kizuizi, na nusu ya njia imefungwa, swali wanaloulizwa ni hili: ufa mdogo namna hii unawezaje kutuzuia kufika sokoni? Swali hilo ni la haki. Kwa mama atokaye Gatumba kwenda Uvira na kapu la ndagala, saa moja ya kusubiri ni hasara. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza kazi inayofanyika nyuma ya kizuizi hicho.

Barabara nyingi za Bujumbura ni za lami, na baadhi ya mitaa imetandikwa mawe. Zege hutumika zaidi mahali penye uzito mkubwa au maji mengi: madarajani, gatini na kwenye viegesho vya malori. Wenzetu wa Dar es Salaam walijenga kwa zege njia za mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Zege huhimili sana kukandamizwa, lakini ni dhaifu linapovutwa au kupindwa. Chuma kina nguvu hiyo ambayo zege limekosa, na ndiyo sababu viwili hivi huunganishwa.

Ufa peke yake si maafa. Maafa huanza pale pande mbili za ufa zinapoacha kusaidiana. Lori likikanyaga upande mmoja, upande huo hushuka peke yake. Maji yaliyopenya chini husukumwa kwa nguvu, hutoka yamebeba udongo, na hatimaye bamba la zege hubaki likining'inia juu ya uwazi. Wakazi wa Gatumba, ambao Aprili 2020 waliona mto Rusizi ukifurika hadi majumbani mwao, hawahitaji kufundishwa nguvu ya maji. Basi fundi mwenye busara hushughulikia kwanza mitaro, na hujaza uwazi ulio chini, kabla ya kugusa ufa.

Ufa ukiwa umekatiza barabara kwa upana, mafundi huchonga vijifereji vinavyouvuka kufuata mwelekeo wa magari, aghalabu vitatu katika kila njia ya magurudumu. Ndani yake hulazwa nondo laini zilizopakwa mafuta, unene wa milimita 38 hivi na urefu wa sentimita 45 hivi, nusu huku na nusu kule. Kisha vijifereji hujazwa zege maalumu. Nondo hizo huwa laini kwa makusudi: hupitisha uzito kutoka upande mmoja hadi wa pili, lakini huliacha zege litanuke kwa joto na kunywea kwa baridi.

Ufa ukifuata urefu wa barabara, hushonwa mfano wa nguo. Matundu hutobolewa kwa mshazari, moja kutoka kulia na jingine kutoka kushoto, na ndani yake hutiwa gundi kali na nondo zenye meno. Hizi kazi yake ni kuzuia ufa usipanuke. Bamba lililovunjika vipande vipande halishonwi; hung'olewa na kumwagwa jipya.

Sasa tufikie yale yanayotuhusu sisi na ninyi.

Kwanza, zege halikauki tu kama nguo juani. Hukomaa, na hukomaa kwa unyevu. Zege la kawaida hupimwa nguvu yake siku ya 28, ingawa lile la matengenezo huweza kuwa tayari mapema zaidi. Mhandisi ndiye atoaye ruhusa. Pikipiki ikipita kabla ya wakati, nondo husogea na kazi huanza upya. Tunaomba pia magunia mabichi yanayofunika zege yasiondolewe.

Pili, nondo inayoibwa usiku kwa ajili ya chuma chakavu huacha shimo ambalo kesho litampokea mtoto wa jirani. Anayeuza na anayenunua wote wawili hutenda kosa.

Tatu, uzito. Majaribio yaliyofanywa Marekani kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukizidi mara mbili, madhara kwa barabara huongezeka takriban mara kumi na sita. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na mzigo wake. Dereva atokaye Kobero akiwa amezidisha mzigo huvunja kile ambacho wote tumekigharimia.

Nasi tunajua lawama mnayotupa: kwamba kizuizi huwabana wenye baiskeli na kuwafungukia wenye magari makubwa. Ikitokea hivyo, ni kosa letu, na mnayo haki ya kulifikisha kwa mkuu wa kituo kilicho karibu. Zege bichi halitambui cheo. Hata gari letu la doria halipaswi kulikanyaga. Mgonjwa na mama mjamzito waelezeni askari mara moja, ili wasaidiwe kupita upande ulio salama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku chache za subira hutuepusha na miezi ya njia iliyokatika kati yetu na soko, hospitali na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka.