Mapatano ya Kahawa Yalivyovunjika

Baadhi ya wanachama wametuletea suala ambalo si dogo: kwa nini nchi zenye karafuu zisikae pamoja, zikagawana soko na kuizuia bei isianguke? Badala ya kujibu kwa maneno matupu, tumeona bora tueleze khabari za wenzetu wa kahawa, kwani wao walilifanya jambo hilo kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini na tano, likawafaa, kisha likavunjika mikononi mwao.

Mapatano ya Kahawa ya Dunia yalifanywa mwaka 1962 katika Umoja wa Mataifa, New York, na mwaka uliofuata ikafunguliwa afisi yake London. La ajabu ni kwamba hayakuwa mapatano ya wauzaji peke yao. Wanunuzi nao walitia sahihi, na mbele yao Marekani, mnunuzi mkubwa kuliko wote. Wala asidhani mtu kuwa walifanya hivyo kwa huruma. Cuba ilikuwa imekwisha kupinduka mwaka 1959, na wakubwa wa Washington waliogopa kwamba bei ya kahawa ikizidi kushuka, wakulima wa nchi nyingine za upande ule nao watageuka.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila nchi yenye kahawa ilipewa fungu lake, yaani kiasi maalum cha magunia ya kuuza kwa mwaka katika nchi zilizomo katika mapatano. Kila shehena ilifuatana na hati yenye stempu, kuonyesha ilikotoka, na forodha ya nchi inunuayo ikiukataa mzigo usio na hati. Bei ikishuka, mafungu yakipunguzwa, ikipanda, yakiongezwa, na ikipanda sana, yakiondolewa kwa muda, kama ilivyokuwa mwaka 1986 baada ya ukame wa Brazil. Katika miaka ya 1980 nia ilikuwa kuishika bei baina ya senti 120 na 140 za Kimarekani kwa ratli moja.

Basi ufa uliingia wapi? Kwanza uliingia kwa mlango wa uani. Urusi na nchi nyingine ambazo hazikuwamo katika mapatano hazikuhesabiwa katika mafungu. Mwenye kahawa iliyozidi fungu lake aliipeleka huko kwa bei ya chini, pengine nusu ya bei. Nyingine ikizunguka na kurudi katika soko lile lile kwa hati za uongo, hata wafanya biashara wakaipa jina la kahawa ya kitalii, kwa kuwa ilitembea dunia kabla ya kufika. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa maana ya magendo. Kila mwanachama anajua jinsi karafuu zilivyokuwa zikivushwa usiku kwenda pwani ya Kenya, wakati bei ya huko ilipokuwa bora kuliko ya kwetu.

Lakini magendo peke yake hayakuyaua mapatano yale. Yaliuawa na mgao. Brazil ilikuwa na fungu la karibu 30 katika kila 100. Wanywaji nao walikuwa wamegeuka, wakipenda zaidi kahawa laini ya Kolombia na Amerika ya Kati, na nchi za Amerika ya Kati zikadai mafungu yao yaongezwe. Marekani ikasimama upande wao. Brazil ikakataa kupunguziwa hata kidogo. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye shina la mambo: karibu kila mmoja alitaka mapatano yabaki, ila akataka wa kupunguziwa awe mwenziwe.

Mwezi wa Julai 1989 mafungu yakaondolewa. Mara kila mwenye ghala akakimbilia kuuza kabla ya jirani yake, na kahawa iliyokuwa imewekwa katika nchi zinazolima ikahamia katika ghala za wanunuzi. Mwaka 1988 bei ya wastani ilikuwa karibu senti 116 kwa ratli. Mwaka 1992 ilikuwa karibu senti 53. Uganda ilikuwa ikipata zaidi ya tisa ya kumi ya fedha zake za kigeni kwa kahawa, na kila mtu anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Rwanda wako wakulima waliong'oa mibuni yao, na sheria ikikataza.

Mwaka 1993 Marekani ikajitoa kabisa. Mwaka huo huo nchi zenye kahawa zikafanya umoja wao wenyewe, bila wanunuzi, ili kila nchi izuie sehemu ya kahawa yake isitoke. Vietnam haikuwamo, nayo ilikuwa ikipanda mibuni kwa kasi hata ikawa ya pili duniani baada ya Brazil. Umoja ule haukudumu miaka kumi. Afisi ya London ingalipo, lakini kazi yake sasa ni kuhesabu magunia na kutoa takwimu. Fungu haimpi mtu.

Sasa turudi kwenye karafuu. Indonesia zamani ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, kwa ajili ya sigara zake za karafuu, kisha ikapanda yake. Leo inavuna kuliko nchi zote, na nyingi ya karafuu hizo inazivuta wenyewe. Mtu avunaye na kutumia nyumbani kwake, utamgawia fungu la nini? Tungepatana na Madagaska na Komoro, na hilo si vibaya, lakini mwaka ambao Indonesia imevuna sana bei ingetushinda sote.

Wanachama wanaotaka suala hili liletwe katika mkutano mkuu na wamwandikie Katibu, waeleze wangekubali kuzuia kiasi gani cha mavuno yao katika mwaka wa bei mbaya, na fedha za kuwalipa wachumaji mwaka huo zitoke wapi.