Mtaji wa Poka na Hesabu ya Kufilisika

Katika Nakaloke, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Mbale kuelekea Soroti, kama ilivyo kwingineko Uganda, kamari iliyozoeleka ni ya kubashiri matokeo ya mpira. Poka, mchezo wa karata ambao siku hizi huchezwa pia kwa simu, hutofautiana nayo kwa kuwa mchezaji hushindana na wachezaji wenzake, si na kampuni, na mwenye meza hujipatia chake kwa kukata asilimia ndogo ya fedha zinazowekwa mezani. Kwa hiyo aliye hodari kuliko wenzake anaweza kupata faida kwa muda mrefu, ingawa kwa muda mfupi karata mbaya humwangusha kama zinavyomwangusha mwanagenzi. Kinachomvusha kipindi hicho ni mtaji wa mchezo, yaani fungu la fedha lililotengwa kwa poka peke yake, ambalo likipotea lote halitagusa karo, kodi ya nyumba wala akiba ya SACCO.

Katika meza za chini kabisa, madau ya lazima ni senti 1 na senti 2 za dola ya Marekani, na kiingilio cha kawaida ni mara 100 ya dau lile kubwa, yaani dola 2, ambazo kwa bei ya shilingi 3,700 kwa dola ni shilingi 7,400. Udogo huo ndio mtego, kwani mwenye shilingi 74,000 hujiona amejitosheleza, kumbe ana viingilio 10 tu. Mchezaji mzuri ambaye kwa wastani hupata madau makubwa 5 katika kila migao 100 ya karata, na ambaye matokeo yake hupanda na kushuka kwa madau 90 hivi katika migao hiyo (kipimo ambacho wanatakwimu hukiita mkengeuko sanifu), ana uwezekano wa asilimia 29 wa kufilisika akianza na viingilio 10, zaidi kidogo ya asilimia 8 akianza na 20, na chini ya asilimia 3 akianza na 30.

Hesabu hiyo ina upande ambao wauzaji wa mbinu hawapendi kuutaja: wastani wa mchezaji ukiwa sifuri au chini yake, hakuna mtaji unaoweza kumwokoa, uwe viingilio 30 au 300, na makato ya mwenye meza yanatosha kumgeuza mshindi mdogo kuwa mshinde. Anayeshindwa katika meza za juu hushauriwa kushuka, lakini chini ya meza ya dola 2 kwa kawaida hakuna pa kushukia, kwa hiyo mtaji ukiisha kilichobaki ni kuacha, si kuongeza fedha kutoka kwenye simu.

Mfano unaojulikana sana ni wa Mmarekani Chris Ferguson, ambaye mwaka 2006 alianza bila senti katika mashindano yasiyo na kiingilio, akafikisha dola 10,000 mwaka 2007, huku akijizuia kuingia na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake katika meza za fedha. Alicheza katika tovuti ya Full Tilt Poker, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake, na baada ya serikali ya Marekani kukamata anwani yake ya mtandaoni mwezi Aprili 2011, ilibainika kwamba haikuwa na fedha za kuwalipa wachezaji wake wote. Nidhamu ya mtu mezani, basi, haimlindi dhidi ya anayemtunzia fedha.

Kwa mchezaji wa Uganda, ushindi unaotolewa kwa pesa za simu hukatwa ada ya kampuni pamoja na kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa, na makato hayo yanapaswa kuandikwa katika daftari la hasara. Aliye chini ya umri wa miaka 25 haruhusiwi kucheza kamari yoyote, kwa mujibu wa Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016.