Mugumo wa Ihithe

Hayati Bibi Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mugumo mkubwa, na hapo kijito cha maji safi. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti huo, kwani ulikuwa mti wa Mungu.

Baadaye, alipokwisha kusoma Marekani na kurudi, alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Ndipo alipotambua maana ya mwiko ule. Mizizi ya mugumo hupenya miamba hata kufikia maji yaliyo chini, nayo maji hupata njia ya kutokea juu. Tena mizizi hiyo hushika udongo wa mlimani usiporomoke.

Mwaka 1977 alianzisha chama cha Green Belt Movement, na wanawake wa vijijini wakapanda mamilioni ya miti. Mwaka 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani akiutetea msitu wa Karura, Nairobi. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011, na msitu wa Karura ungalipo.

Basi yafaa kila mtu awaulize wazee wake: ni mti gani walikatazwa kuukata, na kwa sababu gani?