Mkate huu umeokwa wapi?

Siku hizi katika mji wetu mkate umekuwa chakula cha asubuhi cha nyumba nyingi. Baba hula kipande na chai kabla ya kwenda kazini, watoto hubeba kipande waendapo shuleni, na mgonjwa asiyeweza kumeza bukari huletewa mkate laini. Basi si jambo dogo kuuliza juu ya mkate tununuao, umetoka wapi na umefanywaje, na kama yule aliyetuuzia alituambia kweli. Swali hilo lilitupata sisi wenyewe, tena kwa aibu kidogo.

Baba mkwe wetu ni mzee wa miaka 78. Katika ujana wake alikuwa mwoka mikate katika misioni moja ya zamani. Kila usiku alikanda unga kwa mikono yake, na kabla ya mapambazuko alitia mikate katika tanuru ya matofali iliyowashwa kwa kuni. Mwaka huu aliugua muda mrefu, akakataa karibu kila chakula. Siku moja akamwambia binti yake: "Nataka mkate wa kuni, wenye ganda linalovunjika kwa sauti." Sisi tulifurahi sana kusikia kwamba mzee anatamani kitu, tukaona kazi hiyo ni nyepesi.

Maana twalijua duka moja, ambalo hatutalitaja jina. Juu ya mlango wake pana kibao kikubwa chenye neno la Kifaransa "boulangerie", na chini yake pameandikwa kwamba mkate waokwa hapo hapo kila asubuhi katika tanuru ya kuni. Pembeni amechorwa mtu mwenye kofia nyeupe, anatoa mkate motoni kwa koleo refu. Mkate wa duka hilo ni ghali kupita wa wachuuzi wa njiani, walakini kwa ajili ya mgonjwa nani atahesabu franka?

Tulifika siku ya Jumamosi kabla ya saa kumi na mbili, tukasimama katika mstari muda wa saa nzima. Binti aliyekuwa akiuza alizungumza kwa simu. Waliofika kwa motokari walipokea mikate yao juu ya vichwa vyetu, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinung'unika mpaka akachoka. Zamu yetu ilipofika tukasema:

"Habari ya asubuhi, dada. Mkate wa kuni upo?"

"Mingapi?"

"Mmoja mkubwa. Umetoka tanuruni saa ngapi?"

"Mwalimu, mkate ni mkate. Watu wanangoja."

Hakuinua macho. Chenji hakuwa nayo, akatupa pipi mbili badala ya noti. Tukaondoka tukiwa tumeudhika, walakini mkate ulikuwa na joto mikononi mwetu, na joto hilo lilitusahaulisha mambo mengi.

Nyumbani mzee alikaa kitandani akaupokea mkate kwa mikono miwili. Hakuula. Aliugeuza kwanza, akautazama chini muda mrefu, kisha akaugonga kwa kidole, akaunusa, akaubonyeza. Halafu akaomba mizani ya jikoni. Kibao cha bei dukani kilisema gramu 400. Mizani ilisema 345. "Mkate huu hawakuuoka pale," akasema, "wameupasha moto tu." Akaurudisha juu ya meza, akageukia ukuta.

Alionaje? Tulimwuliza jioni, naye akatueleza kwa saburi, kama mtu anayefundisha mwanafunzi mzito. Mkate wa tanuru ya matofali hulala juu ya matofali yenyewe, kwa hiyo chini yake ni kavu, tambarare, na mara nyingi una unga kidogo au hata chembe za majivu. Mkate wetu ulikuwa na vitone vidogo chini yake, vimepangwa sawasawa kama matundu ya kichungio. Hiyo ni alama ya bati lenye matundu. (Bati hilo si kosa lenyewe, waokaji wengi waaminifu hulitumia. Kosa ni kuchora tanuru ya kuni juu ya mlango.) Tena, mkate ulioiva vizuri ukigongwa chini hujibu kama ngoma ndogo, huo wetu ulinyamaza. Ganda lake lilikuwa jembamba na limeanza kubanduka, kama itokeavyo mara nyingi kwa mkate uliookwa nusu, ukagandishwa kwa barafu, ukamaliziwa mahali pengine. Na ndani ulikuwa mweupe kama pamba na usio na harufu.

Tuliposikia hayo tulikumbuka jambo lililowahi kuwagombanisha watu wa Ufaransa, nchi ambayo ndiyo iliyotuachia neno lile la kibaoni. Twaona yafaa kulisimulia, kwa kuwa ugomvi wao ulifanana sana na wetu.

Baada ya vita ya mwaka 1939 mpaka 1945, Wafaransa walikuwa wamechoka na mkate mweusi wa siku za njaa. Walitaka mkate mweupe, mkubwa, mwepesi. Mafundi wakawapa. Kuanzia miaka ya 1950 mashine zenye nguvu zilikanda unga kwa kasi, na muda wa kuuacha uumuke ukafupishwa. Raymond Calvel, mwalimu mashuhuri wa kazi ya uokaji, aliyetoa kitabu chake juu ya ladha ya mkate mwaka 1990, alionyesha hasara yake: unga ukikandwa kupita kiasi huingiwa na hewa nyingi, na hewa hiyo huiharibu rangi yake ya asili pamoja na ladha. Mkate ukawa mzuri machoni na mtupu kinywani.

Kisha ikaja barafu. Viwanda vikubwa vilianza kutengeneza madonge ya unga kwa maelfu, kuyagandisha, na kuyapeleka mbali kwa motokari. Duka lilihitaji tanuru ndogo ya umeme tu, na mtu wa kubonyeza kifungo. Harufu ya mkate moto ilitoka mlangoni, na mpita njia akaamini kwamba ndani yumo fundi aliyeamka usiku. Fundi wa kweli, jirani yake, aliyeamka usiku hasa, aliuza chini ya neno lile lile "boulangerie". Huo ndio uliokuwa uchungu wa mafundi. Mtu akiuza mkate rahisi kuliko wako, waweza kushindana naye. Lakini akijipa jina la kazi yako, utamjuaje mnunuzi atakayekuchagua?

Serikali ilianza na mkate wenyewe. Amri ya tarehe 13 Septemba 1993 ilisema kwamba mkate uitwao wa desturi ya Kifaransa usigandishwe hata mara moja katika kutengenezwa, wala usitiwe dawa. Uwe ni unga wa ngano, maji, chumvi na chachu, na unga kidogo sana wa maharage, wa soya au wa kimea ukipenda. Amri hiyo hiyo ilisema kwamba mkate uitwao wa nyumbani sharti ukandwe, uumbwe na kuokwa pale pale unapouzwa. Lakini lile neno la juu ya mlango lilibaki wazi kwa kila mtu. Mwaka 1995 waziri Jean-Pierre Raffarin alitoa agizo la kulilinda, agizo likatanguliwa mahakamani, na ndipo bunge likatunga sheria ya tarehe 25 Mei 1998. Tangu hapo, Mfaransa hawezi kuandika "boulangerie" juu ya duka lake kama yeye mwenyewe hakandi unga, haangalii kuumuka kwake, haumbi mikate na kuioka mahali anapoiuza. Na barafu isiguse unga wala mkate wake hata kidogo.

Wasomaji waone vizuri sheria hiyo ilikataza nini. Haikumkataza mtu kuuza mkate wa kiwandani, wala haikusema kwamba mkate huo ni mbaya. Mwenye kuuuza na auuze, ila aliite duka lake duka la kuuzia mkate. Sheria ililinda neno moja tu. Sisi tuliosoma habari hiyo zamani tulidhani ni ubishi wa watu walioshiba. Baada ya kumwona mzee wetu akigeukia ukuta, hatudhani hivyo tena. Miaka mingi baadaye, mwezi wa Novemba 2022, UNESCO iliuweka ufundi wa kutengeneza mkate mrefu wa Kifaransa, yaani bageti, katika orodha ya mambo ya urithi wa watu. Na twaamini kwamba kama jina la fundi lisingalilindwa, labda pasingalibaki ufundi wa kuandikwa.

Tena mambo haya ni ya kale. Huko Herculaneum, mji wa Italia uliofunikwa na mlima wa moto mwaka 79, ulipatikana mkate uliogeuka mkaa, na juu yake muhuri unasomeka mpaka leo: jina la Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Nao Waingereza mwaka 1266 waliweka sheria ya uzito wa mkate: bei ya nafaka ikipanda, mkate wa senti ile ile upungue kwa kipimo kilichoandikwa, wala usipungue zaidi. Mwokaji aliyepunja alitozwa faini, au alifungwa hadharani ili watu wamcheke.

Juu ya uzito, wanafunzi watapenda kujua kwamba mkate hupungua wenyewe motoni, kwa sababu maji hutoka. Donge la gramu 350 hutoa bageti ya gramu 250 hivi. Mwokaji mwaminifu hujua hesabu hiyo, akaongeza kabla ya kuoka. Na ukubwa wa mkate haukuambii uzito. Iko dawa iitwayo potasiamu bromati, ambayo huutia unga nguvu, mkate ukavimba sana; mwaka 1992 wataalamu wa FAO na WHO walisema kwamba haifai kutiwa katika unga wa mkate, kwa hofu ya madhara yake kwa afya. Hatusemi kwamba mkate tulioununua ulikuwa nayo. Jicho haliwezi kuiona, na hatutamsingizia mtu. Twasema tu kwamba mama akilinganisha mikate miwili, aipime mkononi kabla ya kuitazama kwa macho.

Jumatatu baada ya masomo tulirudi dukani. Hatukwenda kugombana, tulitaka kuiona tanuru. Msimamizi, kijana mwenye adabu, alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwalimu, tanuru ipo, njoo uione." Alituongoza nyuma ya duka. Ilikuwapo kweli, tanuru nzuri ya matofali yenye mlango wa chuma, na ndani yake mlikuwa na magunia matupu na baiskeli iliyovunjika. Kuni zimekuwa ghali, akatueleza, tena hutoka mbali. Mafundi wawili waliachishwa kazi. Mikate huja usiku kwa lori kutoka kiwanda cha upande wa pili wa mji, na asubuhi hupashwa moto. "Ni mkate safi," akasema, nasi tulimsadiki.

"Basi, bwana, andikeni hivyo kibaoni."

"Kibao kiliandikwa wakati tanuru ilipokuwa ikiwaka, Mwalimu. Kukipaka upya ni gharama. Na nikiandika hivyo, nani atasimama saa nzima mlangoni pangu?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Alituomba radhi kwa ajili ya yule binti, akaturudishia chenji yetu, tukaagana vizuri. Kibao kingali juu ya mlango. Wako mjini waokaji wawakao moto kweli, nasi tumekwisha kumpata mmoja, mbali kidogo, asiye na kibao chochote. Ukifika mapema wamwona fundi mwenyewe ana unga mpaka viwikoni.

Lakini mzee hakungoja. Jumapili ile, kabla hatujarudi dukani, aliagiza kilo moja ya unga wa ngano, chumvi gramu 20, chachu kidogo kuliko tulivyodhani, na maji kama nusu lita na zaidi kidogo. Alikalishwa kwenye kiti uani. Yeye alisema, wajukuu wakakanda. Walipotaka kuacha, aliwaambia waendelee. Walipotaka kuoka jioni ile ile, aliwakataza, akaamuru unga ufunikwe ulale mahali pa baridi mpaka asubuhi, maana unga uharakishwao, alisema, hauna la kusema. Jumatatu alfajiri waliuweka katika sufuria nzito, wakapalia makala chini na juu ya kifuniko.

Uliungua upande mmoja. Mzee aliugeuza, akaugonga chini, akasikiliza. Akasema chumvi haikuenea vizuri, na kwamba mjukuu wa pili ana mkono wa mwokaji kuliko wa kwanza. Kisha akamega kipande, akaomba chai.